Somo la Saba: Kuchagua Mtengenezaji wa Seti ya Gari la Michezo

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia bidhaa zinazouzwa zikiwa zimekamilika: simu, majokofu, magari yaliyotumika. Somo hili linahusu bidhaa ya namna nyingine, nayo ni gari linalouzwa likiwa vipande ndani ya masanduku ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe. Mnunuzi wa bidhaa hii hununua vitu viwili kwa pamoja: vipande vyenyewe, na ahadi ya kampuni kwamba vipande hivyo, vikishaunganishwa, vitakuwa gari linaloruhusiwa kutembea barabarani. Vipande aweza kuvikagua kwa macho na kwa mikono. Ahadi ndiyo inayohitaji uchunguzi wa kina, na sehemu kubwa ya somo hili inaeleza jinsi ya kuichunguza kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Tutatumia mfano wa Uingereza. Biashara ya seti za magari ina mizizi mirefu katika nchi hiyo, na magari ya huko huwekwa usukani upande wa kulia, kama inavyotakiwa Tanzania, Kenya na Uganda. Msomaji anayeishi Uingereza atayatumia maelezo haya moja kwa moja. Aliyeko Afrika Mashariki, ambaye anafikiria kuagiza seti kwa meli, asome pia sehemu inayohusu forodha.

Magari haya yalikotoka

Mwaka 1957 kampuni ya Lotus, iliyoanzishwa na Colin Chapman, ilitoa gari dogo, jepesi na lisilo na paa lililoitwa Seven. Wakati huo sheria ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari lililokamilika, ilhali gari lililouzwa kwa vipande lilikwepa kodi hiyo. Wateja wengi wakachagua vipande. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa seti haikuruhusiwa kuambatana na maelekezo ya kuunganisha, kampuni ilitoa maelekezo ya kufungua, na mteja akayasoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1973, Uingereza ilipoanza kutoza VAT, na mwaka huohuo haki za kutengeneza Seven zikahamia kampuni ya Caterham, ambayo ingali ikiliuza gari hilo hadi leo, likiwa limekamilika au likiwa seti.

Gari la pili ambalo msomaji atakutana nalo sana ni Cobra. Mwaka 1962 Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas aliyewahi kuwa dereva wa mashindano, alichukua gari la Kiingereza la AC Ace, lililotengenezwa Thames Ditton, akalitia injini ya Ford ya silinda nane. Magari ya asili yaliyotengenezwa katika miaka hiyo ya 1960 yalikuwa kama elfu moja tu, na leo bei zake zimewapita wengi wetu kwa mbali. Ndiyo maana nakala za Cobra ni nyingi kuliko Cobra zenyewe. Bodi ya faibaglasi hutolewa kwenye kalibu, na mtu yeyote mwenye gari moja mkononi aweza kutoa kalibu kutoka bodi ya gari hilo. Kwa hiyo watengenezaji wamekuwa wengi, wamefunguliwa na kufungwa, na ubora wao umetofautiana mno. Picha za magari yao, hata hivyo, zinafanana. Mnunuzi anayechagua kwa picha hachagui chochote.

Neno «kamili» na bei iliyotangazwa

Swali la kwanza kwa kila mtengenezaji ni hili: seti yako ina nini, na haina nini? Hakuna sheria inayofafanua neno «seti kamili». Kwa kampuni moja lina maana ya kila kitu hadi bolti ya mwisho, isipokuwa injini, giaboksi na rangi. Kwa kampuni nyingine lina maana ya chasisi, bodi, milango na boneti, na mengine yote mteja atajitafutia. Kampuni zote mbili huandika neno hilohilo kwenye brosha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Brosha inatangaza seti ya nakala ya Cobra kwa pauni 15,000. Mnunuzi mwenye akiba ya pauni 20,000 anaona amebakiwa na nafasi ya kutosha. Kisha hesabu inaanza. Injini na giaboksi vilivyotumika lakini vizima, pauni 5,500. Rimu na matairi, 1,800. Kupaka rangi, kazi ambayo kwa bodi ya faibaglasi hula saa nyingi za kusugua kabla rangi yenyewe haijapulizwa, 4,000. Viti, mazulia na mikanda, 1,200. Taa na mita za dashibodi, 900. Usafirishaji, ukaguzi wa serikali, usajili na bima ya kupeleka gari kwenye ukaguzi, 1,000. Jumla ni pauni 29,400, nusura mara mbili ya bei iliyotangazwa. Na ikiwa maandishi madogo chini ya ukurasa yalisema bei haijajumuisha VAT, mnunuzi wa Uingereza ataongeza asilimia 20 juu ya zile 15,000, yaani pauni 3,000 nyingine. Gari la mnunuzi huyu litasimama bila injini karakanani kwa miaka, kisha litauzwa kwa hasara kama «mradi ambao haujakamilika». Matangazo ya miradi ya namna hiyo hayakosekani, na yanafaa kusomwa: mtu akiyasoma kwa mwezi mmoja tu atajua ni seti za kampuni zipi zinazowashinda wanunuzi mara kwa mara.

Kinga ni kuomba orodha ya vipande vyote kwa maandishi, kipande kwa kipande, pamoja na orodha ya pili ya vitu ambavyo mteja atavitafuta kwingine. Mtengenezaji mzuri anayo orodha hiyo ya pili, kwa kuwa wateja waliotangulia walimwuliza. Asiyekuwa nayo aidha ni mgeni katika kazi hii, aidha hapendi uione.

Katika orodha hiyo angalia hasa suala la gari la kutolea vipuri. Seti nyingi za bei nafuu hutegemea mnunuzi anunue gari kuukuu, alifungue, achukue injini, ekseli, difu, breki na usukani wake. Seti za mtindo wa Seven zimetumia sana Ford Sierra na, baadaye, Mazda MX-5; nakala za Cobra zimetumia vipuri vya Jaguar, BMW na Sierra. Utaratibu huu si mbaya. Lakini Sierra iliacha kutengenezwa mwaka 1993, na seti iliyobuniwa juu ya Sierra inamlazimisha mnunuzi wa leo kusaka vipuri vya gari linalotoweka. Muulize mtengenezaji: gari la kutolea vipuri bado linapatikana kwa urahisi? Na nisipolipata, una vipande mbadala vinavyokaa kwenye chasisi hiihii bila kukata wala kuchomelea?

Kuichunguza kampuni

Nchini Uingereza kila kampuni yenye dhima ya ukomo imeandikwa kwa Msajili wa Makampuni, na daftari lake husomwa na mtu yeyote, popote duniani, bure, kwa njia ya intaneti. Msomaji aliye Tanga analiona sawasawa na aliye London. Tafuta namba ya kampuni, ambayo sheria inaitaka ionekane kwenye barua na tovuti yake, kisha angalia mambo machache.

La kwanza ni tarehe ya kuandikishwa. Brosha inaweza kusema «tangu 1985», huku daftari likionyesha kampuni iliyoandikishwa miaka miwili iliyopita. Hili peke yake si udanganyifu. Katika biashara hii kalibu na jina huuzwa kama samani: mwanzilishi anastaafu au anafilisika, mwingine ananunua kalibu, jina linaendelea. Lakini kampuni mpya kwa kawaida haiwajibiki kwa dhamana zilizotolewa na ile ya zamani, na fundi aliyezijua siri za chasisi ile huenda hakuhama pamoja na kalibu. Uliza wazi: nani anachomelea chasisi sasa, na ameanza lini?

Jambo jingine ni hesabu za mwaka. Kampuni ndogo huruhusiwa kuwasilisha hesabu za muhtasari, kwa hiyo usitarajie kuona faida na mauzo. Hata hivyo utaona kama hesabu zimechelewa, kama madeni yanayodaiwa ndani ya mwaka mmoja yanazidi mali zinazoweza kugeuzwa fedha haraka, na kama mali za kampuni zimewekwa rehani benki. Ukiona hesabu zimechelewa, wakurugenzi wawili wamejiuzulu ndani ya miezi michache, na rehani mpya imeandikwa, usilipe malipo ya utangulizi hata kama gari ni zuri kiasi gani. Tunalisema hili bila kuzunguka: malipo ya utangulizi ya wateja wapya ndiyo mara nyingi yanayonunulia kampuni iliyochoka wiki chache zaidi za uhai.

Baada ya daftari, nenda kiwandani, au mtume mtu unayemwamini. Usiridhike na gari la maonyesho lililong'arishwa; gari hilo limepewa saa nyingi ambazo seti yako haitapewa. Omba kuona seti iliyofungwa tayari kwa mteja mwingine, na chasisi ambayo haijapakwa rangi. Tazama mishono ya kuchomelea ilivyo ndani ya pembe, mahali mkono wa fundi unapofika kwa shida; huko ndiko uzembe unakojificha. Katika bodi, fungua na ufunge milango na boneti, na upime kwa kidole kama nafasi inalingana juu na chini. Angalia upande wa ndani wa faibaglasi: nyuzi zisizolowa utomvu, mapovu, na sehemu zinazopitisha mwanga kuliko nyingine ni dalili za kazi ya haraka. Nyufa ndogo kama nywele kwenye tabaka la nje la bodi mpya zisielezwe kwako kuwa ni jambo la kawaida.

Chasisi za nakala za Cobra ziko za namna kadhaa. Zipo za mihimili miwili mikubwa kama ngazi, namna ambayo gari la asili lilikuwa nayo kwa kutumia mabomba ya mviringo, na zipo zinazojengwa kwa mabomba mengi membamba yaliyosukwa kwa pembetatu. Muuzaji atakuambia yake ndiyo bora. Kwa mlaji wa kawaida, lililo muhimu zaidi ni kwamba chasisi hiyo, kwa injini ileile unayokusudia kuitia, imekwisha kupita ukaguzi mara nyingi. Chasisi iliyobuniwa kwa injini ya silinda nne, kisha ikatiwa ya silinda nane kwa kuwa mteja ametaka, ni jaribio, na anayejaribiwa ni wewe na abiria wako.

Mwisho wa uchunguzi huu, omba kuzungumza na wateja watatu: mmoja aliyemaliza gari mwaka huu, mmoja anayelitumia kwa zaidi ya miaka mitano, na mmoja ambaye bado anajenga. Kampuni itakupa majina ya waliofurahi, hilo halina ajabu. Waulize basi maswali yasiyohusu furaha: ni kipande gani kilichelewa zaidi, na kwa muda gani? Kipande kisichokaa mahali pake kilibadilishwa kwa gharama ya nani? Simu ilipokelewa?

Ukaguzi wa serikali

Gari lililojengwa nyumbani Uingereza halisajiliwi mpaka lipite ukaguzi wa gari moja moja unaofanywa na wakala wa serikali, DVSA. Utaratibu wa sasa, unaojulikana kwa herufi IVA, ulichukua nafasi ya ule wa SVA mwaka 2009. Mkaguzi hupima breki, taa, moshi, kelele, mikanda na mahali ilipofungwa, usukani, vioo na mambo mengine mengi. Kwa wajenzi wa nakala za magari ya kale, jambo linalowashangaza zaidi ni ncha kali. Sehemu za nje ambazo tufe lenye kipenyo cha milimita 100 laweza kuzigusa zinatakiwa kuwa na mviringo usiopungua nusukipenyo cha milimita 2.5, ili mtembea kwa miguu akigongwa asikatwe pia. Nati kubwa za magurudumu zenye masikio, ambazo ni uzuri wa Cobra, hazikubaliki hapo. Vivyo hivyo swichi za chuma zinazochomoza kwenye dashibodi, pale kichwa au goti la abiria linapoweza kufika.

Wako wajenzi wanaofunika ncha hizo kwa mpira siku ya ukaguzi na kuuondoa wafikapo nyumbani. Ofisi hii haiwezi kushauri hivyo. Mpita njia atakayegongwa baada ya hapo hana habari kwamba gari lilifaulu mwezi uliopita, na kampuni ya bima yaweza kuwa na maswali yake.

Kwa upande wa kuchagua mtengenezaji, swali ni fupi: ni magari mangapi ya seti hii hasa yamepita IVA, na je, unauza vipande vinavyotakiwa ili yapite? Mtengenezaji aliye makini atakuonyesha vyeti, na ataeleza bila kusitasita ni mambo gani yaliyowafelisha wateja wake mara ya kwanza. Anayesema «wote hupita tu» hajawasikiliza wateja wake, au hawamrudii.

Hifadhi kila risiti. Kipimo cha moshi hutegemea umri wa injini, na wewe ndiye unayepaswa kuuthibitisha. Namba ya usajili nayo hutegemea ushahidi. Gari lililojengwa kwa vipande vipya tupu, likiruhusiwa kipande kimoja tu kilichofanyiwa ukarabati hadi kuwa kama kipya, hupewa namba ya mwaka wa sasa; gari ambalo asili ya vipande vyake haijulikani hupewa namba inayoanza na herufi Q. Namba ya Q ni halali kabisa, lakini wanunuzi wengi huiogopa, na bei ya kuliuza gari hushuka. Kwa hiyo mtengenezaji asiyetoa ankara zenye maelezo ya kila kipande anakupunguzia thamani ya gari lako kabla hujaliendesha.

Majina na alama za watu wengine

Nakala ni halali au si halali? Jibu linategemea nchi, umbo na jina. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kwamba mtengenezaji wa seti za faibaglasi zilizoiga maumbo ya Ferrari Daytona Spyder na Testarossa alikuwa anavunja haki za Ferrari, ingawa wateja wake walijua fika kwamba hawanunui Ferrari. Kwa mlaji, funzo la kesi hiyo halihusu nani alikuwa na haki. Linahusu hatari ya kumlipa mtengenezaji ambaye kesho aweza kuzuiwa na mahakama asitoe bodi nyingine. Mteja aliyelipia bodi atabaki na chasisi, na aliyevunja mlango hatapata mlango mwingine. Mwulize mtengenezaji anauza kwa jina gani na kwa ruhusa ya nani. Ikiwa seti yenyewe inakuja na alama ya farasi au nyoka wa kampuni nyingine pasipo leseni, tafuta mtengenezaji mwingine.

Fedha

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na kwa kawaida hutokea kimya. Mnunuzi analipa nusu ya bei. Anaahidiwa seti ndani ya wiki 12. Wiki 12 zinapita, kisha 20. Anapewa habari za fundi aliyeumwa na kalibu iliyoharibika. Siku moja barua inafika kutoka kwa mfilisi. Katika ufilisi, benki yenye rehani na wafanyakazi wanaodai mishahara hutangulia; mteja aliyelipa malipo ya utangulizi ni mdai asiye na dhamana, naye husubiri kile kitakachobaki, ambacho aghalabu ni senti chache kwa kila pauni, au hakuna.

Kinga ya kwanza ni kulipa kwa hatua zinazoonekana. Malipo madogo wakati wa kuagiza. Malipo ya pili chasisi inapokamilika, ukiwa umeiona au umetumiwa picha yenye namba yake. Yaliyobaki wakati wa kuchukua seti, baada ya kuihesabu. Mkataba utaje namba iliyopigwa kwenye chasisi, na useme kwamba chasisi hiyo ni mali yako tangu siku ulipoilipia. Neno hilo lina uzito. Kwa sheria ya mauzo ya Uingereza, bidhaa ambayo haijatengwa na kutambulika haiwezi kuwa mali ya mnunuzi, hata akiwa amelipa. Bidhaa iliyotengwa na kutambulika kwa namba inampa hoja ya kwenda mbele ya mfilisi na kusema: hii ni yangu, si ya kampuni.

Kinga ya pili ni njia ya malipo. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo kwa Walaji ya mwaka 1974 humfanya mtoaji wa kadi ya mkopo nchini Uingereza awajibike pamoja na muuzaji, endapo bei ya kitu kilichonunuliwa inazidi pauni 100 na haizidi pauni 30,000. Uwajibikaji huo unahusu mkataba mzima, hata kama ni malipo ya utangulizi tu yaliyopita kwenye kadi. Kwa seti ya pauni 15,000, kulipa pauni mia chache za mwanzo kwa kadi ya mkopo kunaweza kuokoa zote. Kadi ya kawaida ya benki, inayotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti, haina kinga hiyo ya kisheria. Ina utaratibu wa mitandao ya kadi wa kurejesha malipo, wenye masharti na muda wake. Msomaji mwenye kadi iliyotolewa na benki ya Afrika Mashariki aiulize benki yake kwa maandishi kuhusu utaratibu huo kabla ya kulipa. Anayelipa kwa kutuma fedha kutoka benki hadi benki, kwa kuvutiwa na punguzo la asilimia mbili tatu, ameuza kinga yake kwa bei ndogo sana.

Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mlaji wa Uingereza siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha zake. Baada ya hapo muuzaji hupewa kwanza nafasi ya kutengeneza au kubadilisha. Iko pia haki ya siku 14 za kughairi ununuzi uliofanyika kwa mbali, lakini haki hiyo haihusu bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mteja mwenyewe. Kwa hiyo usipotaka kubanwa, fahamu kwamba ukishachagua rangi ya bodi, upana wa kiti na mahali pa injini, huenda umejitoa katika haki ya kughairi.

Kwa anayeagiza Afrika Mashariki

Watu wengi huamini kwamba seti itapita forodha kama vipuri. Kanuni ya 2(a) ya tafsiri ya Mfumo Oanishi wa kuainisha bidhaa, ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki inautumia, inasema vingine: bidhaa isiyokamilika, au iliyofunguliwa, ikiwa tayari ina sifa za msingi za bidhaa kamili, huainishwa kama bidhaa kamili. Seti yenye chasisi, bodi, injini na magurudumu inaweza basi kutozwa kama gari, hata ikiwa imefungwa katika masanduku kumi. Kugawanya mzigo mara mbili ili kuikwepa kanuni hii ni jambo ambalo maofisa wa forodha wamekwisha kulizoea. Njia iliyo salama ni kuomba uamuzi wa awali kwa maandishi kutoka mamlaka ya mapato kabla ya kuagiza, ukiambatanisha ile orodha ya vipande uliyoipata kwa mtengenezaji. Mtengenezaji asiyeweza kutoa orodha hiyo kwa ajili yako hataweza kuitoa kwa ajili ya forodha.

Usajili ni suala la pili, na lisichanganywe na la kwanza. Kulipa ushuru hakumaanishi kwamba gari litapewa namba. Tanzania magari husajiliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Kenya husajiliwa na NTSA. Peleka swali kwa ofisi husika ukieleza wazi kuwa gari litaunganishwa na mtu binafsi, na usubiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo la mtu aliye dirishani halitakusaidia miezi minane baadaye.

Afrika Kusini nayo inafaa kutazamwa. Kampuni ya Hi-Tech Automotive ya Gqeberha, mji uliojulikana zamani kama Port Elizabeth, imetengeneza kwa miaka mingi nakala za Cobra zinazouzwa Marekani kwa jina la Superformance, zikisafirishwa bila injini wala giaboksi. Mfano huo unaonyesha kwamba ufundi wa daraja la juu unapatikana ndani ya bara letu. Kuhusu watengenezaji wa Marekani wenyewe, wakiwemo wakubwa kama Factory Five wa Massachusetts, seti zao zimebuniwa kwa usukani wa kushoto. Pata kwanza thibitisho la maandishi kwamba ipo ya usukani wa kulia, na kwamba si ile ya kushoto iliyohamishwa usukani na fundi wa mtaani.

Siku masanduku yanapofika

Usitie saini ya kupokea mzigo ukiwa umeona kuta za masanduku tu. Ikiwa msafirishaji hana subira, andika juu ya hati yake maneno «sijakagua» kabla ya saini. Piga picha kila sanduku kabla ya kulifungua. Kisha kaa chini na ile orodha ya vipande, mwite mtu wa pili asome huku wewe ukihesabu, na msiache hata mifuko ya bolti. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na seti ya gari yaweza kuwa na vipande mamia kadhaa.

Kazi hii hula siku nzima, pengine mbili. Ifanye katika wiki ya kwanza, hata kama unakusudia kuanza kujenga baada ya msimu wa mvua, kwa sababu siku zile 30 zinahesabiwa tangu ulipopokea, hazingoji ushike spana. Kilichopungua, kilichovunjika au kisicholingana na orodha kiandikie barua siku hiyohiyo, taja namba ya chasisi na namba ya ankara, ambatanisha picha, na omba jibu lenye tarehe ya kutumwa kwa kipande. Nakala ya barua iweke pamoja na risiti, mkataba na orodha katika jalada moja, ndani ya nyumba. Karakanani kuna mafuta na panya. Mkaguzi atalihitaji jalada hilo, ofisa wa usajili atalihitaji, na ukifika kwetu na malalamiko, ndilo tutakaloomba kuliona kwanza.